Ghala la Matopeni

Nyumba ya Nikodemu na Verediana ilikuwa Ilagala, karibu na mahali ambapo mto Malagarasi unaingia ziwani. Ilikuwa na vyumba viwili tu. Vyumba hivyo viliwatosha, kwa sababu walikuwa wao wawili na watoto wao watatu, mkubwa wao Edson. Nikodemu alikuwa mvuvi. Verediana alilima mihogo. Siku ambazo hakwenda shambani, alikata mafunjo kando ya mto na kusuka majamvi.

Mwaka 1996, mwezi wa Septemba, boti moja ilishusha watu ufukweni. Walikuwa wamekimbia vita Burundi. Walikuwa wamechoka sana. Wengine hawakuwa na viatu. Miongoni mwao alikuwa Melania, dada yake Nikodemu. Melania alikuwa ameolewa Rumonge, Burundi, kaskazini kando ya ziwa, miaka kumi na miwili kabla. Sasa alirudi na watoto wanne. Mume wake walipotezana naye njiani, na hakujua kama yu hai.

Watu wengi wa boti ile walipelekwa kambini. Nikodemu alimshika dada yake mkono.

"Wewe umezaliwa hapa," alimwambia. "Kambi yako ni nyumba yangu."

Tangu siku ile nyumba ilikuwa na watu kumi. Watoto walilala chumba kimoja, wamepangana kama dagaa kwenye chanja. Verediana hakulalamika. Alimpenda wifi yake. Alimpenda zaidi Spesioza, binti wa mwisho wa Melania. Spesioza alikuwa na miaka sita. Alikuwa bado anachanganya Kiswahili na Kirundi, na kila asubuhi alimsalimia kila mtu aliyepita njiani, hata asiyemjua.

Tatizo lilikuwa chakula. Uji unaweza kuongezwa maji. Samaki haongezwi maji. Na samaki walikuwa wamepungua. Watu waliovua karibu na ufuko walikuwa wengi kuliko zamani, wenyeji na wageni. Wengine walivua kwa vyandarua vya mbu na kuzoa mpaka samaki wadogo kama kucha. Nikodemu alitega wavu wake jioni, akauinua asubuhi, akapata samaki watano au sita. Watano kwa watu kumi!

Usiku mmoja walipokuwa wanakula, Nikodemu aliona jambo. Melania alimega tonge moja tu, akanawa mikono.

"Mbona huli?" Nikodemu aliuliza.

"Nimeshiba, kaka," Melania alijibu. Kisha akasogeza kipande chake cha samaki upande wa watoto.

 Nikodemu alijua kwamba dada yake hakuwa ameshiba.

Siku tatu baadaye Nikodemu alirudi nyumbani na kikapu kilichojaa. Watoto walipiga kelele kwa furaha. Verediana alifunua kikapu. Alikuta perege wakubwa. Alikuta kambale. Chini kabisa alikuta vifaranga vya samaki, vingi, vimelala kama punje za mchele. Akatazama wavu wa mumewe. Ulikuwa umetundikwa ukutani tangu jana. Ulikuwa mkavu.

"Baba Edson," alisema kwa sauti ndogo, "samaki hawa umewavua kwa kitu gani?"

"Watoto wana njaa, mke wangu. Pika."

"Nimekuuliza kwa kitu gani."

Nikodemu aliangalia mlangoni, kisha akanong'ona. "Kuna dawa ya pamba, ile ya kuua wadudu. Jamaa mmoja alinipa nusu chupa. Unamwaga kidogo kwenye maji yaliyotulia, samaki wanaelea wenyewe. Watu wengi wanafanya. Ukiwatoa matumbo na kuwaosha vizuri, hawana neno."

Verediana aliwaosha samaki wale mara nne. Aliwatoa matumbo, akayafukia mbali na nyumba. Moyo wake haukutulia. Lakini usiku ule watoto walikula wakashiba, na Melania alikula pia. "Urakoze, kaka," Melania alisema. Asante, kaka. 

* * *

Mwezi wa Novemba mama mmoja mgeni alifika kijijini. Jina lake lilikuwa Aikande. Alikuwa mtu wa Machame, Kilimanjaro, lakini alifanya kazi Kigoma mjini, kazi ya utafiti wa ziwa. Alikuja na vigingi vya mbao, kamba, ndoo, chekeche na daftari. Siku ya kwanza alipigilia vigingi ufukweni, kwenye matope ya mdomo wa mto.

Kesho yake vigingi vyote vilikuwa vimeng'olewa.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Saad, aliita mkutano. Watu walikuja wengi, na wengi walikuwa na hasira. Mzee mmoja alisimama.

"Tunajua unachofanya, mama," alisema. "Unapima ufuko wetu. Mnataka kuleta kambi hapa. Sisi tutakwenda wapi?"

"Shikamoo, mzee wangu," Aikande alisema.

"Marahaba."

"Sipimi ardhi ya mtu. Kila mwaka, miezi hii, ndege wanakuja hapa matopeni. Vitwitwi, wale wadogo wa miguu mirefu. Na sululu, wale wenye mdomo mrefu uliopinda. Mnawajua?"

"Tunawajua," watu walijibu.

"Wanatoka nchi za mbali sana, kaskazini, zenye baridi kali. Wanaruka siku nyingi. Wakifika wamekonda. Hapa wanakula, wananenepa, halafu wanarudi kwao kutaga. Zamani walikuja wengi. Siku hizi ni wachache. Nimetumwa kutafuta kama chakula chao bado kipo. Nahesabu konokono, kombe na minyoo."

Watu walitazamana. Kisha wakacheka.

"Unahesabu minyoo?" mzee aliuliza.

"Mmoja mmoja, mzee wangu."

Hata Aikande alicheka. Hasira ikapungua. Mzee Saad alisema vigingi virudishwe, na mgeni apewe mtu wa kumsaidia, anayeyajua matope. Watu wakamtaja Verediana. Hakuna aliyeyajua matope yale kama mkata mafunjo.

* * *

Kesho yake asubuhi Aikande na Verediana walivua viatu, wakaingia matopeni. Aikande alikuwa na fremu ya mbao yenye pande nne sawa. Kila upande ulikuwa na urefu wa mguu mmoja.

"Dada Verediana, tutahesabu sehemu nne," alisema. "Kila sehemu tutaweka mraba huu. Tutachimba ndani ya mraba, kina cha kiganja kimoja. Tope lote tunalitia kwenye chekeche, tunalisuuza majini. Kitakachobaki ndicho tunachohesabu. Kisha tunawarudisha."

"Kwa nini mraba? Si tuchimbe tu tunapopenda?"

"Tukichimba tunapopenda, leo tutachimba shimo kubwa, kesho dogo. Hatutajua kama chakula kimeongezeka au shimo ndilo limeongezeka."

Verediana aliona kuwa hilo ni kweli.

Walianza mraba wa kwanza. Verediana alitikisa chekeche majini. Tope likaondoka. Vikabaki vitu vidogo vinavyometameta na vinavyojinyonganyonga. Alishangaa. Kwa miaka kumi alikuwa amekanyaga tope lile, na hakujua kuwa lina wakazi wengi hivyo.

"Konokono kumi na wanne," Aikande alihesabu. "Kombe watatu, hawa wenye magamba mawili. Minyoo ishirini na sita. Na hawa wekundu ni viluwiluwi, wamefika kumi na tisa. Andika, dada."

Verediana alikuwa amejifunza kusoma na kuandika katika darasa la watu wazima. Aliandika polepole, ulimi umetoka kidogo nje ya meno.

"Sasa mtazame yule kitwitwi," Aikande alisema. "Mdomo wake mfupi. Anaokota vya juu. Na yule sululu mdomo wake ni mrefu. Anauzamisha mpaka kwa minyoo ya chini. Wanakula shamba moja, na hawagombani."

"Na huyu kombe anakula nini?"

"Anavuta maji ndani ya magamba yake. Uchafu anaubakiza, anatoa maji safi. Siku nzima hiyo ndiyo kazi yake."

Verediana alifikiri kidogo. "Lakini, dada Aikande, usikasirike. Mimi nina watoto saba nyumbani. Ndege wakipata chakula, watoto wangu wanapata nini?"

Aikande hakukasirika. Aliokota konokono mmoja mdogo, akamweka kwenye kiganja cha Verediana.

"Nani mwingine anakula huyu?"

"Kambale," Verediana alisema. Alijua, kwa sababu alikuwa akikuta magamba ya konokono kwenye matumbo ya kambale.

"Na minyoo na viluwiluwi?"

"Samaki wadogo."

"Basi. Samaki wengi wanazaliwa na kukulia hapa kwenye maji haya mafupi. Wakikua ndipo wanakwenda kwenye kina. Hili tope ni ghala, dada. Ndege anakula humo, samaki anakula humo. Mtu naye anamla samaki. Ndege akikosa chakula, na mtu asubiri, zamu yake inakuja. Ndiyo maana tunawaangalia ndege. Wao wanaona njaa kabla yetu."

Mraba wa pili ulikuwa na konokono kumi na mmoja na minyoo thelathini. Wa tatu ulikuwa kama wa pili. Wakaenda mraba wa nne. Ulikuwa nyuma ya mafunjo, kwenye ghuba ndogo ambako maji hutulia.

Verediana alichimba. Alitikisa chekeche. Tope likaondoka. Yalibaki magamba matupu ya konokono na vipande vya majani.

"Chimba tena, pembeni kidogo," Aikande alisema.

Alichimba tena. Magamba matupu. Walichimba mara ya tatu. Hakuna konokono aliye hai. Hakuna mnyoo. Hata viluwiluwi hakuna.

 Kitwitwi mmoja alikuja akatua karibu. Alichoma mdomo wake matopeni mara mbili, mara tatu. Kisha akaruka, akaenda zake.

"Ajabu," Aikande alisema. "Tope ni lilelile. Maji ni yaleyale. Dada Verediana, kuna kitu kilitokea hapa?"

Verediana aliangalia ile ghuba. Alikumbuka kikapu kilichojaa. Alikumbuka wavu mkavu. Mikono yake ilikuwa na tope mpaka kwenye viwiko.

"Sijui," alisema.

Akaandika sifuri kwenye daftari.

* * *

Jioni alimwita mumewe nyuma ya nyumba.

"Baba Edson, ile dawa uliimwaga kwenye ghuba nyuma ya mafunjo?"

"Nani kakuambia?"

"Tope limeniambia. Hakuna kitu kilicho hai pale. Hata mnyoo."

Nikodemu alikunja uso. "Kwa hiyo sasa tunalia kwa ajili ya minyoo? Watoto wa dada yangu wamekimbia risasi. Unataka niwaambie wasile, kwa sababu ndege wa Ulaya hawajashiba?"

"Si ndege tu. Vile vifaranga ulivyoleta kwenye kikapu, vingekuwa samaki wa mwakani. Wewe mwenyewe ni mvuvi. Ulishawahi kuona mkulima anakula mbegu?"

"Anakula, akiwa na njaa."

Verediana alimtazama. Mumewe hakuwa mtu mbaya. Alimjua. Aliona jinsi alivyokonda tangu wageni walipofika, kwa sababu yeye pia alikuwa akinawa mikono mapema.

"Imebaki kidogo," Nikodemu alisema kwa sauti ya chini. "Nimeificha. Mara moja tu, kisha naacha."

"Usiitumie."

 Nikodemu aliingia ndani.

* * *

Siku ya pili yake, saa tatu asubuhi, Verediana alikuwa anamenya mihogo. Alisikia Melania akipiga yowe, akimwita Mungu kwa Kirundi.

"Mana yanje! Spesioza! Mwanangu!"

Verediana alitupa kisu, akakimbia. Spesioza alikuwa amelala chini karibu na njia ya mtoni. Udenda ulimtoka mdomoni. Jasho lilimtiririka, na asubuhi ile haikuwa na joto. Misuli ya mikono yake ilikuwa inatikisika yenyewe. Alipumua kwa shida, kifua kinakoroma.

Nikodemu alitokea upande wa mtoni. Alimwona mtoto. Hakuuliza neno. Alimbeba, akakimbia naye mpaka zahanati. Verediana na Melania walimfuata mbio.

Mganga wa zahanati aliitwa Leonardi. Alimlaza Spesioza ubavu, akafunua macho yake. Mboni zilikuwa ndogo kama tundu la sindano.

"Huyu amepata sumu," Leonardi alisema. "Amekula nini? Amekunywa nini?"

"Hajala kitu!" Melania alilia. "Uji tu, kama wenzake. Nyumbani kwetu hakuna sumu!"

Mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye foleni alisema, "Mpeni maziwa! Mtapisheni!"

"Hapana," Leonardi alisema kwa ukali. "Msimpe maziwa, wala mafuta, wala kitu chochote. Na msimtapishe. Atapaliwa, na sumu nyingine inaunguza mara ya pili ikitoka. Mvueni nguo hizi, zimelowa. Mwosheni kwa sabuni na maji mengi. Ninyi wenyewe mnawe mikono. Lakini nahitaji kujua ni sumu gani. Nikikosea dawa, nitampoteza."

Verediana aligeuka, akamtazama mumewe. Nikodemu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa anaangalia sakafu. 

"Sema, Baba Edson," Verediana alisema. "Sema sasa, au nitasema mimi."

"Ni dawa ya pamba," Nikodemu alisema. "Ni yangu mimi. Nilikuwa nachanganya kwenye kopo. Kopo nililiacha kwenye mafunjo."

 Melania aliinua kichwa, akamtazama kaka yake kama mtu asiyemfahamu.

"Chupa iko wapi?" Leonardi aliuliza.

"Hukohuko."

"Kimbia ukailete. Funga mkono kwa mfuko wa nailoni. Nataka kusoma jina."

Nikodemu alikimbia kuliko alivyowahi kukimbia maishani mwake. Alirudi na chupa. Leonardi alisoma maandishi yake, akatikisa kichwa, akafungua kabati. Alimchoma Spesioza sindano. Akasubiri, mkono kwenye kifua cha mtoto. Akamchoma nyingine. Kila baada ya dakika chache alisikiliza pumzi, akaangalia mboni za macho. Saa sita ilipita. Saa nane ikapita. Kukoroma kulipungua. Mikono iliacha kutikisika.

Saa kumi jioni Spesioza alifungua macho.

"Amazi," alisema. Alitaka maji.

Verediana alijifunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti.

Baadaye mtoto alieleza mwenyewe. Alikuwa anacheza. Aliona kopo zuri kwenye mafunjo. Akachota maji ya ziwa, akanywa.

"Mmeleta chupa, ndiyo iliyomwokoa," Leonardi aliwaambia. "Mtu akipata sumu, leteni chupa au pakiti yake. Msione aibu. Aibu inaua. Na wale samaki mliokula, mshukuru Mungu. Sumu hiyo haitoki yote kwa kuosha wala kwa kupika."

* * *

Melania alikaa kwenye sakafu ya zahanati, karibu na kitanda cha mwanawe. Nikodemu alikuja akapiga magoti mbele yake. Wakubwa hawapigi magoti mbele ya wadogo, na Nikodemu alikuwa kaka mkubwa. Lakini alipiga.

"Dada," alisema, "nilitaka mle."

"Najua," Melania alisema. Machozi yalikuwa yamemwishia. "Nilimpitisha ziwani huyu, nimemfunga mgongoni, watu wanakufa nyuma yetu. Nikafika kwako. Nikasema sasa nimefika. Kaka, nyumba yako ina sumu?"

"Haitakuwa nayo tena."

"Hilo halitoshi. Watoto wa wenzetu nao wanacheza kwenye mafunjo. Na Verediana ameniambia watu wengi wanafanya hivi. Nenda kawaambie."

"Watanicheka. Wengine watanishitaki."

"Wakushitaki. Nenda."

Kesho yake Nikodemu alimfuata Aikande ufukweni. Verediana alikwenda naye.

"Dada Aikande, nilikudanganya," Verediana alisema. "Uliniuliza mraba wa nne umepatwa na nini. Nilijua."

Nikodemu alieleza yote. Aikande alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi si polisi," alisema. "Sheria inakataza, na wewe mwenyewe umeona kwamba haikatazi bure. Lakini siku ile mke wako aliniuliza swali. Aliniuliza ndege wakila, watoto watapata nini. Nisikudanganye nami. Ukiacha sumu leo, kesho hutapata kikapu kilichojaa. Tope linahitaji miezi. Hiyo miezi lazima tufikirie mtakula nini."

Jumamosi Mzee Saad aliita watu tena. Nikodemu alisimama mbele yao. Alisema kila kitu, bila kujipunguzia kosa.  Hakuna aliyecheka.  Kisha mtu mmoja alisimama nyuma akasema, "Mimi pia ninayo nyumbani." Na mwingine. Wakawa watatu.

Chupa zote zilipelekwa kwa bwana shamba. Aikande alisisitiza kwamba zisitupwe majini, zisichomwe moto, wala zisioshwe na kutiwa mafuta ya kupikia. Makopo yalitobolewa ili mtu asiyatumie tena.

Kisha walizungumza habari ya chakula. Hapo ndipo mazungumzo yalikuwa marefu. Wakakubaliana kwamba maji mafupi ya mdomo wa mto yaachwe, samaki wakulie humo. Chandarua kikae kitandani. Mzee Saad alikuwa na boti ya dagaa, ikivua kwenye kina. Alimpokea Nikodemu kwenye kundi la wavuvi wake, na kila aliyevua alirudi na fungu lake la dagaa. Wengine walitega migono, ile mitego ya kusuka, mtoni, kwa zamu.

Melania naye alikuwa na ufundi wake. Rumonge ni nchi ya michikichi, kama Kigoma. Alijua kukamua mawese kuliko wanawake wengi wa Ilagala. Majirani wenye michikichi walimletea ngazi, matunda ya miti hiyo, yeye na Verediana wakakamua, wakapewa mafuta kama ujira. Mafuta mengine walibadilisha kwa mihogo na maharage. Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Siku nyingi walikula maharage bila samaki. Lakini Melania alikula matonge yake yote, kwa sababu Spesioza alikuwa anamwangalia.

* * *

Aikande alirudi kuhesabu baada ya masika. Safari hii watu wanne walimfuata matopeni, na hakuna aliyecheka. Katika mraba wa nne walikuta minyoo mitano na viluwiluwi. Konokono hawakuwapo.

"Minyoo inatangulia," Aikande alisema. "Inatoka kwenye tope jirani ambalo halikufa. Konokono watafuata. Kombe wanachelewa sana. Vumilieni."

Oktoba 1997 alirudi tena. Ghuba ilikuwa imejaa sauti. Vitwitwi walikimbia huku na huku kwenye ukingo wa maji, wanachoma midomo, wanakimbia tena. Sululu sita walitembea taratibu kama wazee waendao kanisani. Verediana alitikisa chekeche, akahesabu mwenyewe, akaandika mwenyewe bila kutoa ulimi. Minyoo kumi na minane. Konokono tisa. Kombe mmoja, mdogo kama punje ya mahindi.

Kwenye migono ya mtoni kambale walikuwa wameanza kuongezeka. Hawakujaza kikapu. Lakini mtu aliyetega mitatu hakurudi mikono mitupu.

Mwisho wa mwezi ule mwanamume mmoja alifika kijijini. Aliitwa Martini. Yeye pia alikuwa ametoka Burundi, na mke na watoto wawili. Walipewa kibanda karibu na shamba la Verediana. Siku ya tatu alimkuta Nikodemu akishona wavu.

"Mwakeye, mzee," Martini alisalimia.

"Mwakeye."

"Watoto wangu hawajala tangu jana. Nimesikia kuna dawa fulani, mtu anapata samaki upesi. Unaweza kunionesha inakopatikana?"

Nikodemu aliweka wavu chini. Hakumgombeza. Alimtazama mtu yule kwa muda. Aliona viatu vyake vilivyofungwa kwa kamba. Aliona jinsi suruali ilivyomlegea kiunoni.

"Kaa hapa," alisema.

Alimwita Verediana alete chakula. Martini alikula ugali na maharage, na alipokuwa anakula, Nikodemu alimsimulia. Alimweleza habari za kikapu kilichojaa na kopo kwenye mafunjo. Alimweleza alivyokimbia na mtoto mikononi. Spesioza alikuwa anaruka kamba uani na wenzake. Martini aligeuka, akamtazama.

"Ni yule?"

"Ni yule. Alikaribia kufa kwa mkono wangu."

Martini aliacha kula. 

"Basi nifanyeje?" aliuliza.

Nikodemu aliinuka. Alitoa mgono mmoja ukutani, ule mpya kuliko yote, akampa.

"Twende nikuoneshe pa kuutega," alisema. "Na kile chakula kilichobaki, mama watoto atakufungia. Kawape kwanza."

Siku mbili baadaye, asubuhi na mapema, mtu alibisha hodi. Verediana alifungua mlango. Martini alikuwa amesimama nje, miguu yake ina tope mpaka magotini. Alikuwa amebeba kambale watatu kwenye ukambaa. Alimfungua aliye mkubwa, akamkabidhi.

"Huyu ni wa yule mtoto," alisema. Kisha akaenda zake haraka, kwa sababu watoto wake walikuwa wanamsubiri.